Mbu katika Chupa ya Binti Yetu

Mwezi huu twataka kuwaeleza habari za somo moja wafundishwalo watoto wetu wafikapo miaka 12 au 13, nalo ni elimu ya viumbe vyenye uhai. Wazazi wengi hudhani kwamba somo hili ni la majina tu: mizizi na majani, moyo na mapafu, mtoto huyakariri, huyaandika siku ya mtihani, basi yamekwisha. Sisi nasi tulidhani hivyo, hata siku ile binti yetu aliporudi nyumbani na chupa ya maji ya dimbwi.

Maji yale aliyateka katika nyayo za ng'ombe zilizojaa mvua, kando ya njia iendayo kisimani. Ndani yake mlikuwa na viluwiluwi vyembamba kama vipande vya uzi, vimelala sambamba na uso wa maji. Mwalimu alikuwa amewaambia kwamba hiyo ndiyo alama ya Anofelesi, mbu wa malaria. Viluwiluwi vyake hulala hivyo kwa kuwa havina bomba la kupumulia. Bali vya mbu wengine wa majumbani huning'inia kichwa chini, bomba likitokeza juu kutafuta pumzi. Binti akafunika chupa kwa kitambaa, akaiweka dirishani.

Mama yetu mzazi akakasirika. "Mwanangu," akatuambia, "utafuga mbu katika nyumba walalamo watoto?" Nasi, kwa kweli, tulikwisha kuishika chupa ili tuimwage, ila mtoto alitusihi tumpe siku chache.

Basi tukangoja. Viluwiluwi vikanenepa, vikajivua ngozi mara kadha wa kadha, kisha vikageuka mabuu yaliyojikunja, yasiyokula kitu. Asubuhi moja tukaona mbu wameshika kitambaa kwa ndani, kichwa wamekiinamisha na mkia wameuinua. Bibi akavaa miwani, akatazama kitambo kirefu. "Miaka yote hii," akasema, "nafyeka majani nyuma ya nyumba, kumbe wao wazaliwa njiani, juani!" Naye alisema kweli, maana mbu huyu wa kwetu hupenda sana vidimbwi vidogo vya mvua vipatavyo jua.

Wala bibi asione haya. Neno lenyewe malaria limetoka Italia, na maana yake ni hewa mbaya; wenye elimu wa Ulaya walisadiki zamani kwamba homa hii yatoka katika mvuke wa mabwawa. Mwaka 1880 tabibu Mfaransa, Laveran, alipokuwa Algeria, aliona vijidudu katika damu ya mgonjwa. Mwaka 1897 Ronald Ross, tabibu Mwingereza aliyekuwa India, akaviona vijidudu hivyo katika tumbo la mbu aliyekuwa amenyonya damu ya mgonjwa.

Jioni moja binti alitusomea daftari lake. Mbu hazaliwi na malaria. Ni jike tu anyonyaye damu, apate kulea mayai yake. Akimnyonya mgonjwa, vijidudu huingia tumboni mwake, hukua siku kama 10 au zaidi, kisha huhamia katika mate. Ndipo amwumapo mtu mwingine humtia. Katika mwili wa mtu hukaa kwanza katika ini, kama juma moja, ndipo huingia katika chembe nyekundu za damu na kuzipasua, na homa na baridi huanza.

Akafunga daftari, akauliza: "Baba, basi mbu aliyemwuma mdogo wangu mwezi uliopita, aliipata kwa nani?"

Swali lile lilituchoma, maana twajua tulichokuwa tumeficha. Kabla ya mtoto kuugua, tuliugua sisi. Tulipewa dawa mseto, tuimeze mara mbili kwa siku, siku 3. Siku ya pili homa ikatuacha. Vidonge vilivyobaki tukavitia katika kopo juu ya kabati, akiba ya siku nyingine, tena tukajiona watu wenye busara ya kutunza mali. Majuma machache baadaye mtoto wetu wa mwisho, mwenye miaka 4, alishikwa na homa kali, hata akapata degedege mikononi mwa mama yake. Alipona, lakini usiku ule wa kumbeba hata zahanati hatutausahau. Hatuwezi kusema kwa yakini kwamba ugonjwa ulitoka katika damu yetu, kwa kuwa mbu hasemi alikotoka, na majirani tunao. Walakini hatukuweza kusema kwamba haukutoka kwetu.

Tukamwambia yote. Bibi akasimama, asinene neno, akalishusha lile kopo akaliweka mezani.

Asubuhi tulikwenda nalo zahanati. Tabibu akatuchoma kidole, akaitazama damu kwa darubini, akasema vijidudu vingali vimo. Akavichukua vile vidonge vya akiba, akatupa dawa upya. Kwa siku 3 binti yetu alisimama mbele yetu asubuhi na jioni, chakula mkono huu na vidonge mkono huu, akaandika kila saa katika daftari lile lile la shule. Na siku ya Jumamosi bibi alichukua jembe, akatutuma sote kwenda kufukia nyayo za ng'ombe katika njia ya kisimani.