Je, Wajua? Siku Mtandao Unapozimwa

Je, wajua kwamba kuzima mtandao si kubonyeza swichi moja? Kuna ngazi. Ya kwanza ni kufunga programu moja au mbili, WhatsApp au X, mengine yakaachwa. Ya pili ni kubana kasi mpaka picha inazunguka tu bila kufunguka, na msemaji wa serikali akiulizwa anasema intaneti ipo. Ya tatu ni kukata data za simu huku kupiga na meseji vikiendelea. Ya nne ni kuzima vyote, hata mnara ukiwa mita mia kutoka dirishani kwako. Kila ngazi ina njia yake ya akiba, na njia ya ngazi moja mara nyingi haifai kitu katika ngazi nyingine. Anayekuambia "weka VPN tu" anazungumzia ngazi ya kwanza. VPN husafiri ndani ya intaneti, na intaneti isipokuwapo haina pa kupita.

Watanzania walionja ngazi mbili ndani ya mwaka mmoja. Mei 2025 X ilifungwa, na wengi wakahamia VPN, ingawa tangu Oktoba 2023 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilitaka wanaoitumia watoe taarifa. Kisha 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ikakatika nchi nzima na VPN zote zikageuka mapambo ya kioo cha simu. Ilirejea 3 Novemba. Miongoni mwa vitu vya kwanza vilivyowafikia watu ni meseji ya polisi iliyoonya dhidi ya kusambaza picha za kuleta taharuki.

Na uchaguzi wa 2020 je? Kabla ya kura ya 28 Oktoba mwaka ule, TCRA iliagiza kampuni za simu zisitishe huduma za kutuma meseji na sauti kwa watu wengi kwa mpigo hadi 11 Novemba. Mitandao ya kijamii nayo ikafungwa, lakini VPN bado zilifua dafu.

Je, wajua kwamba Uganda iliwahi kufunga na pesa? Siku ya uchaguzi, 18 Februari 2016, pamoja na mitandao ya kijamii zilizimwa pia huduma za kutuma fedha kwa simu. Mtu mwenye laki mbili kwenye simu hakuweza kununua hata kilo ya unga. Mei mwaka huohuo, Rais Museveni alipokuwa akiapishwa, mitandao ya kijamii ikafungwa tena. Januari 2021 wakapanda ngazi: usiku wa kuamkia kura ya tarehe 14 intaneti yote ilizimwa, ikarejea tarehe 18. Facebook ilibaki imefungwa kwa miaka. Ukitaka akiba moja isiyohitaji utaalamu wowote, ni noti kavu za siku chache ndani ya nyumba.

Je, wajua ni nani huumia zaidi meseji zikizimwa? Desemba 2011, baada ya uchaguzi wa Kongo, serikali ya Kinshasa iliamuru meseji zisimame, na zilisimama kwa zaidi ya wiki tatu. Kupiga simu kuliruhusiwa, kwa hiyo wengi waliona ni usumbufu mdogo. Kwa viziwi haukuwa mdogo. Meseji ndiyo iliyokuwa simu yao, na hakuna aliyewafikiria alipotia saini amri ile.

Kongo ilizima tena 31 Desemba 2018, siku moja baada ya kupiga kura, na intaneti ikarudi baada ya siku 20 hivi. Waliokuwa Goma walikuwa na bahati ya jiografia: Gisenyi ya Rwanda iko ng'ambo ya barabara, na mawimbi hayana pasipoti. Laini ya Rwanda ndani ya simu iliyoko Kongo ilishika mnara wa jirani. Kinshasa nao walikuwa na mto tu katikati yao na Brazzaville. Kwa kawaida mnara wa 2G hufika hadi kilomita 35 ardhi ikiwa wazi, kwa hiyo laini ya nchi ya pili huwasaidia wakazi wa mpakani hata wasiposafiri. Mtu wa Dodoma ajipange kivingine.

Je, wajua kuhusu kambi ya wakimbizi wa intaneti? Kuanzia 17 Januari 2017 Kameruni iliikatia intaneti mikoa yake miwili inayozungumza Kiingereza, kwa siku 93. Mji wa Buea umejaa vijana wa kutengeneza programu, na wateja wao wa ng'ambo hawakuwa na subira ya siku 93. Katika mikoa ya jirani, inayozungumza Kifaransa, intaneti ilikuwapo kama kawaida. Basi vijana wakatafuta kijiji kilichovuka tu mpaka wa mkoa, Bonako, wakapanga chumba, wakaweka modemu, wakawa wanakwenda huko na kompyuta zao mgongoni kufanya kazi na kurudi. Tukio hili linanigusa kuliko mengi kwa sababu halikuwa la maandamano wala siasa. Watu walikuwa wanatafuta ugali.

Usidhani ni Afrika peke yake. Tarehe 7 Julai 2005, baada ya mabomu ya London, polisi wa eneo la City jijini humo waliagiza mtandao mmoja wa simu eneo la Aldgate utumiwe na watoa huduma za dharura tu kwa saa kadhaa. Agosti 2011, shirika la treni za BART eneo la San Francisco lilizima mawasiliano ya simu ndani ya baadhi ya vituo vyake ili waandamanaji wasipangane. Hata hivyo, bingwa wa miaka mingi ni India, demokrasia kubwa kuliko zote kwa idadi ya watu. Kashmir ilikatwa Agosti 2019. 2G ilirudi Januari 2020, na 4G ikasubiri hadi Februari 2021. Shirika la Access Now, linalohesabu mambo haya duniani, lilirekodi mizimo 296 katika nchi 54 mwaka 2024, na safari hiyo Myanmar iliipita India kwa mzimo mmoja: 85 kwa 84.

Sababu nyingine ya kuzima? Mitihani. Iraq, Syria na Algeria zimewahi kukata intaneti ya taifa zima kwa saa kadhaa ili wanafunzi wasivujishe maswali. Kenya ilichagua njia nyembamba: Novemba 2023, na tena Novemba 2024, iliifunga Telegram wakati wa mtihani wa taifa wa KCSE. Mfanyabiashara wa Gikomba aliyekuwa na wateja wake Telegram naye akafanya mtihani.

Je, wajua kwamba simu ya mezani iliwahi kuiokoa Misri? Usiku wa 27 kuamkia 28 Januari 2011 kampuni za intaneti, kwa amri ya serikali, ziliacha kuitangazia dunia njia za kufikia mitandao yao, na ndani ya muda mfupi sehemu kubwa ya nchi ikapotea kwenye ramani ya intaneti. Simu za mkononi nazo zikazimwa. Za mezani zikaachwa. Huko Ufaransa, kikundi kidogo cha watoa intaneti kiitwacho FDN kikafungua namba ya Paris ambayo Mmisri angeweza kuipigia kwa modemu ya kizamani, ile yenye milio ya kukwaruza, na kuingia mtandaoni polepole. Jina la kuingilia lilikuwa toto, na nywila toto. Google na Twitter nao wakaweka namba za kupigia: unaacha ujumbe wa sauti, wao wanauweka Twitter kwa niaba yako. Intaneti ilirudi 2 Februari.

Kwa nini meseji na menyu ya pesa ya *150*00# hufanya kazi bando likiwa halipo? Kwa sababu hazipiti kwenye intaneti. Hupanda njia ileile ambayo simu na mnara hutumia kupeana ishara, kama mpigiwa yuko wapi na simu iite. Njia hiyo ni nyembamba, ndiyo maana meseji moja ikawekewa ukomo wa herufi 160. Katika ngazi ya tatu, basi, kitochi cha bei ndogo ni sawa na simu janja ya mamilioni. Tatizo ni kwamba wengi tunaongea na ndugu zetu kwa WhatsApp miaka nenda rudi na hatukumbuki namba hata moja. Ziandike kwenye karatasi. Simu ikiibiwa siku hiyohiyo, hutakuwa na pa kuzitafuta.

Na meseji hazina siri: kampuni ya simu inaweza kuzisoma.

Je, wajua kwamba simu mbili zinaweza kuandikiana bila mnara wala intaneti? Programu kama Briar na Bitchat hutumia bluetooth: ujumbe unaruka kutoka simu hadi simu. Bitchat, iliyoanzishwa 2025 na Jack Dorsey, mmoja wa waasisi wa Twitter, ilipakuliwa kwa wingi Nepal Septemba mwaka huohuo, serikali ilipofunga mitandao 26 ya kijamii na vijana wakaingia barabarani. Zinasifiwa kupita kiasi, kwa maoni yangu. Bluetooth hufika makumi ya mita, ikibahatika mia. Sokoni Kariakoo au uwanjani inafaa sana. Kati ya Mbagala na Bunju haifai, isipokuwa njia nzima iwe imejaa watu wenye programu hiyohiyo. Halafu kuna suala la usalama. Mwaka 2020 watafiti wa Royal Holloway, London, waliichunguza Bridgefy, programu ya aina hiyohiyo iliyokuwa imepata umaarufu katika maandamano ya Hong Kong, wakakuta mtu mbaya angeweza kuwafuatilia watumiaji na kusoma ujumbe wao.

Kosa linalorudiwa kila nchi ni kukumbuka programu hizi intaneti ikiwa imeshakatika. Huwezi kupakua bila mtandao. Briar angalau ina njia ya kumrushia mwenzako programu yenyewe simu kwa simu, jambo ambalo vijana waliokuwa wakirushiana nyimbo kwa Xender hawahitaji kufundishwa.

Ukitaka kufika mbali zaidi kuna Meshtastic. Ni mfumo unaotumia kifaa cha ukubwa wa kiganja, chenye redio ya nguvu ndogo iitwayo LoRa na antena fupi. Kinaunganishwa na simu yako na kutuma maandishi mafupi kwa kilomita kadhaa, zaidi kikiwa kilimani. Kila kifaa hupokea ujumbe wa jirani na kumrushia anayefuata, kwa kawaida mara tatu. Hakibebi sauti wala picha. Kabla ya kukiagiza, uliza sheria za masafa za nchi yako.

Je, wajua kwamba redio ya mkulima haizimiki kwa amri ya mtu mmoja? FM husikika mji mmoja, na mtambo wake una mwenyewe anayeweza kutembelewa na askari, kama Bujumbura ilivyoona Mei 2015 vituo binafsi viliposhambuliwa. Lakini masafa mafupi hugonga tabaka la juu la anga na kurudi ardhini maelfu ya kilomita mbali, kwa hiyo mtambo unaweza kuwa nje kabisa ya nchi yako. BBC, iliyokuwa ikipunguza masafa hayo, iliyarudisha kwa dharura kwa ajili ya Ukraine mwaka 2022 na Sudan mwaka 2023. Redio inasema nawe tu, huwezi kuijibu. Kwa familia iliyokaa gizani siku tano, hilo pekee ni kubwa.

Kitochi chako huenda kina FM pia. Chomeka spika za masikioni: waya wake ndio antena.

Wa kujibu wapo. Wapenda redio wenye leseni huongea bara kwa bara kwa mtambo wa mezani na waya uliotundikwa mwembeni. Dunia nzima hutambuana kwa herufi za nchi: Tanzania ni 5H, Kenya 5Z, Uganda 5X, Rwanda 9X, Burundi 9U, Kongo 9Q. Manahodha nao wana chaneli 16 ya VHF, ya kuitana na ya dharura. Polisi na walinzi wana simu za upepo, ambazo raia huhitaji kibali kuzitumia.

Setilaiti? Sudan ilipopotea hewani Februari 2024 katikati ya vita, dishi za Starlink zikawa vibanda vya biashara: unalipa, unapata saa yako, unawaambia ndugu walioko nchi za Ghuba kuwa u hai na kuomba fedha. Lakini dishi huonekana, hula umeme, na inahitaji leseni. Kongo iliipiga marufuku Machi 2024, kisha ikaipa leseni Mei 2025.

Usidharau mfuko wa suruali. Cuba walizoea diski ya kila wiki yenye takriban terabaiti moja ya filamu, habari na programu, ikipita mkono kwa mkono. Nchini Iran, mradi wa Toosheh umekuwa ukirusha mafaili kupitia dishi za televisheni. Mtu anarekodi kwenye flashi kama anayerekodi kipindi, kisha anayafungua kwenye kompyuta. Na Septemba 2009 njiwa aitwaye Winston alibeba kadi yenye mafaili ya gigabaiti 4 umbali wa kilomita 80 hadi Durban. Alipofika na kadi ikamalizwa kunakiliwa, mafaili yaleyale kwa njia ya waya yalikuwa yamevuka asilimia 4.

Je, wajua kwamba mahakama imewahi kuuwasha mtandao? Zimbabwe, Januari 2019, Mahakama Kuu iliamua kwamba waziri aliyetoa amri ya kuzima hakuwa na mamlaka ya kuitoa. Juni 2020 mahakama ya ECOWAS ilisema Togo ilivunja haki za watu kwa kuzima mwaka 2017, ikaamuru walalamikaji walipwe. Tamu zaidi ni ya Khartoum. Juni 2019, wiki chache baada ya mauaji ya waandamanaji na intaneti kukatwa, wakili mmoja aliishtaki kampuni yake ya simu akashinda. Kampuni ikatii hukumu kwa usahihi wa kisheria usio na mfano: kwa kuwa alishtaki kwa jina lake binafsi, ikamrudishia intaneti yeye peke yake. Siku mbili baadaye alikuwa mahakamani tena, akiwaombea wateja wengine.