UKAME NA MAHINDI: NI WIKI ZIPI ZINAZOPUNGUZA MAGUNIA?



Wengi wetu tuna kishamba nyuma ya kambi, maana mshahara hautoshi kununua unga mwaka mzima. Basi inafaa tujue jinsi ukosefu wa maji unavyopunguza mahindi.

Tangu kupandwa hadi kukomaa, mahindi yanahitaji maji kiasi cha milimita 500 hadi 800, kufuatana na joto na aina ya mbegu. Lakini hesabu ya msimu mzima hudanganya. Jambo kubwa ni mvua ilikosekana lini.

Maji yakipungua ardhini, majani hujikunja mchana na kufunga vitundu vyake vidogo ili maji yasipotee. Hapo hata hewa ya kutengenezea chakula haiingii, na mmea unasimama kazi kama kiwanda kilichokatiwa umeme. Mmea mchanga ukipata taabu hiyo siku chache, mvua ikirudi huinuka. Utakuwa mfupi, lakini utazaa.

Hatari yenyewe iko wakati wa kuchanua. Mbelewele ya juu humwaga vumbi la manjano kwa siku chache tu, nalo lazima liangukie ndevu za mahindi. Kila unywele wa ndevu ni punje moja. Jua likizidi, mbelewele hutoka kwa wakati wake lakini ndevu huchelewa. Zinapotokea, vumbi limekwisha. Ndiyo sababu unamenya hindi zuri kwa nje, ndani ukakuta mapengo kama kinywa cha mzee. Tangu wiki mbili kabla ya ndevu hadi wiki mbili baada yake, ukame mkali unaweza kula nusu ya mavuno au zaidi, na mvua ya baadaye hairudishi punje isiyotungwa. Ukame wa mwishoni hufanya punje kuwa nyepesi tu.

Zambia waliliona hilo. Mwaka 2024 mvua ilikatika sehemu kubwa ya nchi tangu katikati ya Januari na Februari yote, mahindi mengi yakiwa katika kuchanua. Tarehe 29 Februari serikali ilitangaza janga la taifa. Mavuno yalishuka kutoka tani zaidi ya milioni 3 mwaka 2023 hadi kama milioni 1.5. Maji ya Kariba nayo yalipungua, na wenzetu wa viwandani wakakosa umeme saa nyingi kila siku.

Tufanyeje? Panda mvua za kwanza zikishika. Sehemu nyingine panda wiki mbili baadaye, yasichanue yote pamoja. Palilia mapema, maana magugu hunywa maji yale yale, na tandaza nyasi kavu. Kama una ndoo chache za maji, zitunze mpaka mbelewele zinapoanza kuonekana.

Liko jambo moja la chama. Mahali pengi msimamizi hugawa viwanja baada ya shamba la kampuni kumaliza kupandwa, nasi tunachelewa wiki tatu au nne. Wajumbe wa matawi walete jambo hilo mbele ya mwajiri kabla ya mvua, si baada yake.