Kutoka Barafuni Hadi Msituni: Safari ya Peru



Tangu nirudi kutoka Peru mwezi wa Agosti 2024, haipiti wiki bila mwanafunzi kunisimamisha karibu na maktaba na kuniuliza, "Mwalimu, ni kweli ulifika Machu Picchu?" Mwingine hutaka kujua kama niliona anakonda. La kwanza ni kweli, la pili sikubahatika. Lakini maswali hayo yanaruka jambo lililonishangaza kuliko yote, nalo ni kwamba katika muda wa siku chache tu tulitolewa kwenye barafu, tukiwa tumevaa sweta mbili mbili, tukashushwa hadi kwenye msitu ambako shati moja lilikuwa mzigo. Wahariri wa jarida hili wameniomba nieleze safari ya namna hiyo huendaje, na mtu hujifunza nini. Nami nakubali kwa moyo mkunjufu.

Kwanza tuitazame nchi yenyewe. Peru ina sehemu tatu. Magharibi, kando ya Bahari ya Pasifiki, ni jangwa; mji mkuu, Lima, uko huko na mvua yake ni haba mno. Katikati ni milima ya Andes. Mashariki ni msitu wa Amazon, ambao umechukua zaidi ya nusu ya nchi nzima. Vitabu vyetu huieleza milima katika sura moja na msitu katika sura nyingine. Kiongozi wetu wa safari hakukubaliana na mpango huo hata kidogo. Yeye ni mzaliwa wa kijiji kilicho chini ya mlima Ausangate, wenye urefu wa zaidi ya mita 6,300, yaani unaupita Mlima Kenya wetu kwa zaidi ya kilomita moja. Siku ya kwanza alituambia tusihesabu siku wala vituo, tufuate maji.

Tulikuwa watu tisa, Wakenya wawili: mimi na mwalimu mwenzangu, mama mmoja wa Nyandarua ambaye hapo baadaye mtasikia habari zake na viazi. Tulitua Cusco, mji ulio mita 3,400 juu ya usawa wa bahari. Nairobi iko kama mita 1,700, kwa hivyo piga hesabu mwenyewe. Nilidhani ati sisi watu wa nyanda za juu tungetamba mbele ya Wazungu. Wapi! Hewa ya kule ina oksijeni kwa kiwango kile kile cha asilimia 21, lakini kanieneo yake ni ndogo, hata kila pumzi moja hukupa kama thuluthi mbili tu ya ile oksijeni ambayo ungeipata Mombasa. Kichwa hugonga, usingizi hukatikakatika, na ngazi kumi huwa kama mia. Wenyeji huuita ugonjwa huo soroche. Ndiyo sababu kiongozi mwenye akili hawalazi wageni Cusco usiku wa kwanza. Huwateremsha hadi bonde la mto Vilcanota, liitwalo Bonde Takatifu, lililo chini zaidi, kisha baada ya siku mbili tatu huwapandisha tena polepole. Huko huwapa chai ya majani ya koka. Nchini Peru kutafuna jani hilo ni desturi ya tangu enzi, wala si kosa. Lakini anayetaka kulitia mkobani alilete Kenya ajue kwamba hapa ni dawa ya kulevya na sheria haina mzaha.

Machu Picchu nitaipitia kwa haraka kwa kuwa imeandikwa mno. Ilijengwa na Wainka katika karne ya 15, na mwaka 1911 Mmarekani Hiram Bingham akaitangaza kwa ulimwengu, ingawa wakulima wa pale walikuwa wakiijua na hata kulima matuta yake. Wengi hawajui kwamba iko chini kuliko Cusco, kwenye mita 2,430, na kwamba mto unaopiga kelele chini yake ni ule ule Vilcanota, sasa ukiitwa Urubamba. Mimi nilikwenda kwa gari-moshi. Wanaotembea kwa miguu hupita Njia ya Wainka, na huko serikali huruhusu watu 500 tu kuingia kwa siku, wapagazi na viongozi wakiwemo, wala huruhusiwi kwenda bila kiongozi mwenye kibali. Sheria pia imeweka kikomo cha mzigo wa mpagazi, kilo 20. Mizani imewekwa pale njiani. Ningependa kuiona mizani kama hiyo kwenye malango ya milima yetu.

Sasa nije kwa viazi. Waru tunazozila bwenini, ziwe kwenye mukimo au chipsi za kule senta, asili yake ni Andes. Watu wa nyanda za juu za Peru na Bolivia walianza kuzilima maelfu ya miaka kabla ya Kristo, na hadi leo Peru ina aina zaidi ya 3,000: nyeusi, zambarau, ndefu kama kidole, zenye mabonde kama ubongo. Karibu na mji wa Pisac wakulima wamefungua eneo lao liitwalo Bustani ya Viazi, nao hutembeza wageni wenyewe. Mama wa Nyandarua alipiga magoti shambani kama aliyerudi kwao. Alionyeshwa jinsi ya kutengeneza chuño: viazi vidogo humwagwa chini usiku wa baridi kali viyagande, asubuhi jua likitoka hukanyagwa kwa miguu hadi maji yatoke, na baada ya siku kadhaa za kugandishwa na kukaushwa huwa vyepesi kama kizibo na huweza kuwekwa kwa miaka. Lakini wakulima wale walituonyesha jambo jingine. Mashamba ambayo babu zao walipanda aina fulani yamekuwa na joto, wadudu wamepanda, na wao wanazidi kuvihamisha viazi vyao juu zaidi. Mama akawauliza, "Na mkifika kileleni je?" Mzee mmoja akacheka tu.

Na kwa kuwa hili ni jarida la Chama cha Kiswahili, nisisahau lugha. Wenyeji wa milima husema Kikechua, lugha iliyofanywa rasmi nchini humo mwaka 1975. Ni lugha ya kuunganisha viambishi kama yetu, ila yao huvipanga mwishoni. Wasi ni nyumba. Wasiy ni nyumba yangu. Wasiykuna ni nyumba zangu. Wasipi je? Ni nyumbani! Hiyo -pi yao ni sawasawa na -ni yetu. Tena wana "sisi" mbili: noqanchis ni sisi pamoja na wewe unayesikiliza, noqayku ni sisi bila wewe. Hebu fikiri ingekuwaje kwenye mkutano wa bweni.

Siku ya sita tulifika kijijini kwa kiongozi, zaidi ya mita 4,000, mahali pa alpaka na nyasi ngumu. Ausangate ilikuwa mbele yetu, nyeupe. Hapo ndipo alipotueleza juu ya Qoyllur Rit'i, hija ambayo maelfu ya watu hupanda kila mwaka, kati ya Mei na Juni, hadi chini ya barafu za milima ya jirani. Wapo wanaume wavaao mavazi ya manyoya, waitwao ukuku, ambao usiku hupanda juu ya barafu yenyewe. Zamani walikata mapande ya barafu, wakayabeba mgongoni na kuwapelekea watu, maana maji yake yaliaminika kuwa na baraka na uponyaji. Baba yake kiongozi alikuwa mmoja wao. Siku hizi hupanda na kushuka mikono mitupu. Hakuna aliyewapiga marufuku kutoka mbali. Wenyewe waliona barafu inarudi nyuma, wakaacha kuikata.

Peru ndiyo yenye takriban asilimia 70 ya barafu zote za ukanda wa joto duniani, na imepoteza zaidi ya nusu ya eneo la barafu zake tangu miaka ya 1960. Kiongozi akatuuliza kama sisi kwetu tuna barafu. Nikamwambia tunayo, lakini barafu ya Lewis pale Mlima Kenya ilipoteza kama asilimia 90 ya ujazo wake kati ya mwaka 1934 na 2010. Tofauti ni kwamba mto Tana hutegemea zaidi mvua na misitu ya mlimani, ilhali kwao, wakati wa kiangazi ambapo hakuna mvua miezi mingi, maji ya barafu ndiyo yanayonywesha mifugo na mashamba. Kwanza mito hujaa kwa sababu barafu inayeyuka haraka. Baadaye hupungua. Vijiji vingine vimekwisha kuifikia hiyo "baadaye".

Kisha tukaanza kuteremka. Kutoka Cusco barabara hupita mji wa Paucartambo, ikapanda hadi upito wa Acjanaco, kama mita 3,500. Pale nyasi zinakatika ghafla kana kwamba mtu amezifyeka, na mbele ni ukungu mtupu. Mvua inayonyesha magharibi ya upito huo hatimaye huingia Urubamba. Inayonyesha mashariki huingia mto Madre de Dios, ikapita Bolivia na Brazil. Zote hukutana katika Amazon. Barabara ni nyembamba, korongo upande mmoja, hata zamani magari yaliruhusiwa kwenda upande mmoja siku hii na kurudi siku ya pili. Dereva wa matatu wa kwetu angejifunza adabu.

Sehemu hiyo ya ukungu ndiyo iliyonifungua macho. Upepo wenye unyevu hutoka Atlantiki, ukavuka msitu wa Amazon wote. Njiani mvua hunyesha, miti huyanywa maji kwa mizizi na kuyatoa tena hewani kupitia majani, yakanyesha tena mbele zaidi. Hewa hiyo ikigonga ukuta wa Andes hupanda, hupoa, na kumwaga maji. Mahali pengine ni zaidi ya milimita 5,000 kwa mwaka, Kericho yetu ikiwa na kama 2,000. Kwa hiyo mlima hupeleka maji msituni, na msitu huyarudisha mlimani. Ukikata miti kule chini, unamnyima mvua mtu wa juu ambaye hujawahi kumwona.

Katika misitu hiyo ya mteremko ndimo ulimotoka mti wa mkwinini, uliowatibu wengi malaria na ambao picha yake imo kwenye nembo ya taifa la Peru. Alfajiri tulijificha kibandani tukawaona ndege wa taifa hilo, madume mekundu yenye kishungi, wakicheza mbele ya majike. Kelele zao ni za kuchekesha, kama nguruwe.

Chini kabisa tulipanda mtumbwi wa injini hadi Hifadhi ya Manu, iliyoanzishwa mwaka 1973. Ndani yake kuna zaidi ya aina 1,000 za ndege, hesabu inayokaribia ile ya Kenya nzima. Tuliona fisimaji wakubwa, warefu kama mtu, katika ziwa lililopinda kama mundu. Maziwa hayo hubaki mto unapokata kona yake na kujinyoosha. Tuliona kasuku wekundu na wa buluu wakila udongo kwenye ukingo wa mto, kwa ajili ya chumvi. Huku nako huingii bila kiongozi, na sababu si chui wala mamba. Ndani ya msitu wamo watu, kama Wamashco Piro, waliochagua kujitenga, na mafua ya mgeni mmoja yaweza kuwaua wengi. Sehemu kubwa ya hifadhi imefungwa kwa watalii, nami naona ni haki.

Tulitoka kwa kufuata mto Madre de Dios, na hapo mandhari ikabadilika. Msitu ulitoweka, pakabaki marundo ya kokoto na madimbwi ya rangi ya maziwa ya chai. Ni wachimbaji wa dhahabu. Huchanganya mchanga na zebaki, dhahabu ikashikamana nayo, kisha huichoma zebaki ikapaa hewani. Zebaki ile huanguka majini, ikaingia kwa samaki wadogo, na samaki wakubwa wawalao wadogo huilimbikiza mwilini. Mwezi wa Mei 2016 serikali ilitangaza hali ya dharura katika mkoa huo kwa ajili ya sumu hiyo, na Februari 2019 ikapeleka wanajeshi na polisi kuwaondoa maelfu ya wachimbaji mahali paitwapo La Pampa. Wengi walihamia kwingine. Ndugu zetu wa Migori wanaoshika zebaki kwa mikono mitupu wanaijua kazi hiyo.

Mzungu mmoja kikundini akawalaani wachimbaji. Kiongozi alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwamba wengi wao ni watu wa milimani, kutoka Cusco na Puno, walioteremka kwa sababu shamba halilipi tena. Mdogo wake alikuwa huko miaka mitatu. Pesa alizotuma ndizo zilizojenga ile nyumba tuliyolala kijijini.

Adhuhuri tulifika mji wa wachimbaji kula kabla ya kupanda gari. Mama mwenye hoteli alituletea habari njema: kambare mkubwa, ametoka mtoni asubuhi ile. Kiongozi akamshukuru kwa heshima, akatuagizia sote kuku na wali.