Reli Mbili, Safari Moja: Mbona Zinaachana?

Ukitazama ramani za reli za Marekani utaona jambo la ajabu. Reli mbili za shirika moja zinafuatana sako kwa bako, halafu zikifika mlimani kila moja inashika njia yake. Wenzangu darasani walidai ati ni shamba la mtu lililokataliwa kuuzwa. Wapi! Mara nyingi sababu ni mwinuko.

Chukua Cajon Pass, kule California. Reli ya kwanza ilipita hapo mwaka 1885. Wajenzi walitaka njia fupi, basi wakaukabili mlima kwa mwinuko wa asilimia 3, yaani katika kila mita 100 treni inapanda mita 3. Utasema hicho ni kitu kidogo, hata matatu mbovu inapanda. Lakini gurudumu la treni ni chuma juu ya chuma, huteleza upesi. Hebu fanya hesabu: treni ya tani 1,000 hapo huvutwa nyuma kwa nguvu sawa na uzito wa tani 30. Kwenye asilimia 2.2, ni tani 22 tu.

Ndiyo maana reli ya pili, iliyomalizika mwaka 1913, haikulazwa kando ya ile ya zamani. Ilizungushwa, ikawa ndefu zaidi kwa kilomita 3 hivi, lakini mwinuko ukashuka hadi asilimia 2.2. Wasukuma mikokoteni wetu wanaijua siri hii bila kusoma fizikia. Kilima kikiwa kikali hukipanda kwa kupindapinda, huku na huku, hata madereva wakiwapigia honi namna gani.

Mbona basi ile ya zamani haikung'olewa? Kwa sababu inafaa treni zinazoteremka: hizo hazihitaji nguvu, zinahitaji breki. Na breki si mchezo! Tarehe 12 Mei 1989, kwenye reli ya shirika jingine katika mlima huohuo, treni iliyobeba magadi iliteremka ikashindwa kuzuilika, ikaziangukia nyumba za San Bernardino na kuua watu 4. Uzito wake ulikuwa umekadiriwa pungufu, na breki za baadhi ya injini hazikufanya kazi. Mteremko ulikuwa asilimia 2.2 tu.

Huko Wyoming nako, shirika la Union Pacific lilikuwa na reli mbili juu ya Sherman Hill zenye mwinuko wa asilimia 1.55. Mwaka 1953 likajenga ya tatu, mbali upande wa kusini, yenye asilimia 0.82. Treni nzito zinazopanda kuelekea magharibi ndizo hupelekwa huko.