“Sisi Ni Nani?”

Unatengeneza moteri za pompi zilizoungua, pale Kolwezi, na mutoto wako amekufungulia ukurasa kwenye intaneti. Chini ya “Sisi ni nani” usiandike “tunajua kazi kuliko wote”. Kila mutu anasema vile, tumechoka kuyasoma! Andika nani anashika kazi, tangu mwaka gani, moteri za namna gani, siku ngapi.

Sheria ya tarehe 8 Februari 2017 inataka kampuni za madini, zikigawa kazi kwa wengine, ziwape kampuni ambazo mali yao kwa wingi ni ya Wakongomani. Basi mununuzi wao atatafuta jina la mwenye atelie na namba ya RCCM. Viandike wazi. Picha iwe ya atelie yako, hata kama ukuta hauna rangi.