Afisi moja, wapangaji watano: Nagongera inaweza

MTU anaporejea kutoka ughaibuni na akiba yake, jambo analolifikiria mara tu baada ya kujenga nyumba ni kufungua afisi. Hapo ndipo pesa huanza kuyeyuka. Hulipa kodi ya miezi kadhaa kwa pamoja, hununua meza na kompyuta, huweka mlango wa chuma, kisha hukaa kungojea wateja. Mwaka ukiisha, akiba nayo imekwisha.

Wafanyabiashara wa mpakani wana shida inayofanana na hiyo. Anayepeleka mahindi au maharagwe kutoka Tororo hadi Busia huwa njiani siku nyingi za wiki. Afisi huihitaji kwa saa chache tu: kupiga hesabu, kuchapisha stakabadhi na kukutana na mnunuzi mahali penye heshima. Kodi ya chumba kizima kwake ni hasara.

Kwa maoni yangu, dawa ni afisi ya pamoja, na Nagongera panafaa kuijaribu. Mji huu uko kwenye reli itokayo Tororo kuelekea Kampala, tena una bewa la Chuo Kikuu cha Busitema, mahali palipokuwa chuo cha kitaifa cha walimu. Wanafunzi wanataka kuchapisha kazi zao, wafanyabiashara wanataka meza. Hakuna haja ya kujenga jumba jipya. Chumba alichokuwa nacho mpangaji mmoja kinaweza kugawanywa.

Jambo hili si geni. Jijini Nairobi, mwaka wa 2013, serikali ya Kenya ilifungua kituo cha Huduma ndani ya jengo la Posta Kuu, idara mbalimbali zikapewa madirisha katika ukumbi mmoja. Kabla ya hapo, mwaka wa 2010, vijana wa kompyuta walikuwa wameanzisha iHub katika jengo la afisi la Bishop Magua, barabara ya Ngong. Mwaka huo huo Kampala ikapata Hive Colab.

Hapa kwetu tunao mfano tunaoupita kila siku. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani Busia kizinduliwe rasmi Februari 24, 2018 na Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni, maafisa wa Kenya na Uganda wamekuwa wakihudumu chini ya paa moja, na msafiri husimama mara moja tu, upande wa nchi anayoingia. Ni kweli kwamba majengo yale yalijengwa kwa kazi hiyo, lakini funzo lake halimo katika matofali. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitunga sheria ya vituo hivyo mwaka wa 2016, ikaeleza nani ana mamlaka gani na wapi. Meza bila makubaliano huzaa ugomvi.

Kwa hivyo, anayetaka kugawa chumba aanze na karatasi. Sheria ya Uganda ya wenye nyumba na wapangaji ya mwaka wa 2022 inataka mkataba wenye thamani ya Sh500,000 au zaidi uwe wa maandishi, na inazuia kodi kupandishwa kwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Mkataba huo ueleze wazi kwamba mwenye jengo ameruhusu chumba kitumiwe na watu kadhaa. Bila idhini hiyo, mnaweza kufukuzwa nyote siku moja.

Pili, pigeni hesabu ya mwenzenu kushindwa. Tuseme kodi ni Sh600,000 kwa mwezi nanyi mko watano. Kila mmoja atatoa Sh120,000. Mmoja akiondoka ghafla, waliobaki watatoa Sh150,000 kila mmoja. Wekeni akiba ya mwezi mmoja tangu mwanzo, na mkubaliane kwamba anayehama atoe notisi.

Tatu ni umeme. Mita ya kulipia kabla ni moja, lakini mashine ya fotokopi hula umeme kuliko simu inayochajiwa. Mwenye mashine alipe zaidi, au awekewe mita yake ndogo. Fundi aliyehitimu akague nyaya kabla ya mashine kuongezwa.

Nne, mbao za kugawia chumba zisifike darini, ili hewa na mwanga vipite, wala zisizibe njia ya kutokea moto ukizuka. Kila mtu awe na kabati lake lenye kufuli, kwa maana vitabu vya hesabu na pasipoti si vitu vya kuachwa mezani. Kila biashara iwe pia na leseni yake. Kushiriki mlango si kushiriki leseni.

Ushauri wangu ni kuanza na watu watatu wanaojuana, kwa miezi mitatu, kabla ya kununua hata ubao mmoja. Mkisikilizana kuhusu funguo, usafi wa choo na bili ya umeme, basi mwiteni seremala.