Picha za Vita Katika Biashara ya Reli

Picha ni chombo cha mawazo. Anayeigharamia ndiye anayeamua ionyeshe nini na inyamaze juu ya nini. Kwa hiyo hatuna budi kuuliza kwanza: nani ameilipia, na kwa faida ya nani? Mfano ulio wazi tunaupata Marekani, katika jimbo la Georgia.

Reli ya Western and Atlantic, yenye urefu wa maili zipatazo 138 kati ya Atlanta na Chattanooga, ilijengwa na kumilikiwa na jimbo lenyewe. Mwaka 1864, katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, majeshi ya Kaskazini chini ya Jenerali Sherman yaliifuata njia hiyo hadi yakauteka mji wa Atlanta mwezi Septemba. Vita vilipokwisha, mwaka 1870, jimbo liliikodisha reli hiyo kwa kampuni ya matajiri kwa dola 25,000 kwa mwezi. Rais wa kampuni alikuwa Joseph E. Brown, yule yule aliyekuwa gavana wakati wa vita.

Katika miaka ya 1880 kampuni za reli zilikuwa zikigombea abiria. Kampuni ya Brown ikaona kwamba viwanja vya mapigano vilivyo kandokando ya njia yake ni bidhaa. Mwaka 1886 ikatoa kitabu kiitwacho The Mountain Campaigns in Georgia. Mwandishi alikuwa Joseph M. Brown, mwana wa rais huyo na ofisa wa reli. Mchoraji alikuwa Alfred Waud, aliyesifika kwa michoro yake ya magazetini wakati wa vita. Lakini mwaka 1864 Waud alikuwa Virginia, siyo Georgia. Picha hizo, basi, hazikuwa ushahidi wa macho. Zilichorwa baada ya miaka 20 na zaidi ili kuvuta abiria.

Katika biashara ya namna hii, maadui wa jana wote ni wateja wa leo. Ushujaa wa kila upande husifiwa kwa sababu kila upande hununua tiketi. Lakini chanzo cha vita, yaani utumwa, hakiuziki. Tarehe 13 Oktoba 1864, mjini Dalton, kwenye reli hiyo hiyo, askari Weusi wapatao 600 wa jeshi la Kaskazini walitekwa. Walilazimishwa kung'oa njia ya reli, na wengi wakarudishwa utumwani. Baada ya vita, Brown mzee alichimba makaa ya mawe kwa jasho la wafungwa waliokodishwa na jimbo, wengi wao Weusi.

Hatusemi picha hizo zichomwe. Zitunzwe, maana zinatufundisha jinsi mwenye mali anavyoweza kuigeuza damu ya watu kuwa tangazo. Ila kila anayezitazama awatafute pia wale ambao mlipaji hakuwa na faida ya kuwaonyesha.